Punguzeni ofisi, lakini anzieni mjini: barua ya wazi kutoka Kojani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,
Chukwani, Zanzibar.

Waheshimiwa,

Kila ifikapo Mei na Juni mnaketi Chukwani kupitisha makadirio ya mapato na matumizi, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Sisi huku tunasikiliza redioni. Tunawasikia mkibishana, tena kwa ukali, juu ya barabara, maji, madawati na dawa. Lakini kuna jambo linalopita kimya kimya ndani ya mafungu ya kila wizara bila ya mtu kulishika shati: kodi za nyumba za ofisi, umeme wake, walinzi wake, mafundi wa viyoyozi, rangi, samani na mapazia. Naandika kuomba jambo hilo lisimamishwe na lihojiwe.

Nitangulize msimamo wangu nisije nikaeleweka vibaya. Naunga mkono Serikali kupunguza ofisi, na kama ingekuwa juu yangu ingepunguza zaidi ya inavyothubutu kufikiria. Ninachohofia ni pale itakapoanzia. Desturi ya kubana matumizi, hapa kwetu na kwengineko, ni kuanza na walio mbali, kwa sababu makelele yao hayafiki ofisini. Na Kojani iko mbali kweli. Gari inakufikisha pwani ya Pemba upande wa mashariki, hapo safari ya nchi kavu inakwisha, na kilichobaki ni maji na chombo. Hakuna mtu wa kisiwa hiki anayefika ofisi ya wilaya, ya mkoa au ya wizara bila ya kuvuka.

Tazameni basi Pemba ilivyopangwa. Ni kisiwa chenye urefu wa kiasi cha kilomita 67, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441. Kina mikoa miwili, kila mmoja na mkuu wake na ofisi yake. Kina wilaya nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, nazo vivyo hivyo. Kuna mabaraza ya miji na halmashauri. Juu ya hayo, kila wizara iliyopo Unguja ina ofisi yake Pemba chini ya Afisa Mdhamini. Na pembeni mwa wizara kuna mashirika, wakala, tume na kamisheni, kila moja na kibao chake mlangoni, mlinzi wake, mita yake ya umeme na chumba chake cha mikutano. Nyingi ya hizi zimejikusanya Chake Chake, na nyengine Wete. Mtu akipita mjini asubuhi anaweza kudhani Pemba ina serikali kumi.

Sina ugomvi na Maafisa Wadhamini. Utaratibu wao ulikuwa na hekima, na bado unayo. Bahari imekaa kati ya Pemba na Unguja, na bila ya mtu wa wizara huku, mwalimu wa Micheweni angepanda boti kwenda kufuatilia mshahara wake. Tatizo ni kwamba jengo lilivuka kuja Pemba, na mamlaka ya kuamua yakabaki Unguja. Hakuna Mpemba asiyeijua kauli ya "faili limekwenda Unguja." Unapeleka ombi, linapokelewa kwa adabu, linagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha linasafiri. Wiki zinapita. Ukirudi unaambiwa usubiri, kwani aliyepokea si mwenye kuamua. Kwa hiyo uamuzi mmoja unalipiwa ofisi mbili: moja ya kuupokea na moja ya kuutoa. Ofisi ya namna hiyo ni sanduku la posta lenye kiyoyozi, na sanduku la posta halihitaji vyumba kumi na viwili.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihusu majengo hata kidogo. Teremsheni mamlaka. Ugatuzi ulioanza mwaka 2017, ulipopeleka serikali za mitaa mambo ya afya ya msingi, elimu ya maandalizi na kilimo, ulikuwa na maana hiyo hiyo. Leseni, kibali au hati yoyote inayoweza kumalizwa na afisa aliyeko Pemba imalizwe Pemba, na ile inayoweza kumalizwa wilayani imalizwe wilayani. Mkishafanya hivyo, nendeni sasa mkahesabu vyumba. Mtakuta vingi vilikuwepo kwa ajili ya kuhifadhi mafaili yanayosubiri boti.

Niwaelezeni ofisi inavyoonekana kutoka Kojani, maana huku ndiko gharama yake halisi inakolipwa.

Wanaume wengi wa hapa wanaishi kwa bahari, na bahari yao haiishii mbele ya kisiwa. Pepo zikigeuka, kusi au kaskazi, vyombo vinafungwa safari za dago: Unguja, Tanga, Mafia, Kilwa, na upande wa juu hadi pwani ya Kenya. Mvuvi wa dago anakaa huko wiki na pengine miezi. Kabla hajaondoka anataka karatasi: leseni, usajili wa chombo, barua ya utambulisho ya kumwonyesha mwenyeji wa huko aendako, na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kisiwe kimekwisha muda. Kazi yake inafuata mwezi wa angani, bamvua na maji mafu. Ofisi inafuata saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Siku ambayo bahari inamruhusu kwenda mjini mara nyingi ni Jumamosi, au ni siku ambayo mwenye muhuri yuko kikaoni. Akikosa karatasi na akaondoka hivyo hivyo, akikamatwa ugenini anaitwa mhalifu. Akibaki kuisubiri, chombo kinaondoka bila yake na msimu unampita.

Wanaobaki nyumbani ni wanawake, wazee na watoto, na wao ndio wateja wakubwa wa ofisi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa skuli, mirathi, fomu ya matibabu. Mama anavuka, anapanda gari, anafika mjini jua limepanda, anaelekezwa jengo jengine. Huko anaambiwa alete nakala, na duka la nakala liko jengo la tatu. Saa nane anaanza kuangalia njia, kwani akichelewa atakosa chombo cha kurudia. Kesho anaanza tena. Hakuna mkaguzi wa hesabu anayeiandika nauli ya mama huyu, wala siku yake ya kazi ya chaza au ya mwani iliyopotea. Lakini hiyo nayo ni gharama ya ofisi, tena imelipwa na mtu asiyekaa ndani yake hata dakika moja.

Sasa mfikirieni bwana diko. Wajumbe mnaotoka majimbo ya pwani mnamjua. Ni mtu wa Serikali anayekaa pale samaki wanaposhushwa, anajua chombo gani kimeingia, kimeleta nini, na nani ameuza kwa nani. Hana korido wala katibu muhtasi. Anayo daftari, kalamu na kivuli, na ukimtaka unamkuta, kwa sababu kazi yake iko pale watu walipo. Kwa miaka mingi masheha, wakuu wa shehia, nao wamefanya kazi barazani kwao nyumbani. Watu wanagonga hodi hata baada ya Magharibi, na barua inaandikwa. Sisemi hilo ni jambo la kujivunia kwa kila hali, kwani sheha anastahili mahali pa kutunzia daftari zake pasipovuja mvua. Ninachosema ni kwamba watumishi wawili wanaotuhudumia zaidi kuliko wote Kojani ndio wenye nafasi ndogo kuliko wote, na bado hakuna aliyewahi kutuambia kazi yao imeshindikana kwa kukosa ukumbi.

Na Serikali inajua kuvuka maji ikitaka. Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, kila mzee aliyefika miaka 70 alipangiwa Sh 20,000 kwa mwezi, na fedha zikapelekwa vituoni, ndani ya shehia. Hatukuambiwa wazee wote wa Pemba waende Chake Chake wakapange foleni. Watumishi walikuja na orodha, wakalipa, wakaondoka. Ofisi ilikuwa meza na siku iliyotangazwa. Nauliza kwa nini leseni ya uvuvi isije hivyo, na cheti cha kuzaliwa, na afisa wa ardhi, na wa ustawi wa jamii.

Mtaniambia kwamba Serikali haiwezi kuendeshwa barazani. Kweli. Lakini ni wapi ilipoamuliwa kwamba kila taasisi lazima iwe na jengo lake peke yake? Bara walipohamia Dodoma walitupa somo ambalo sidhani kama wao wenyewe walilisoma hadi mwisho. Uamuzi wa kuhama ulikuwa wa mwaka 1973. Ukakaa zaidi ya miaka arubaini, na moja ya sababu zilizotajwa siku zote ni kukosekana kwa ofisi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama, na Septemba ya mwaka huo Waziri Mkuu akawa amekwisha kufika. Ofisi zilipatikana wapi? Wizara kadhaa ziliingia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, zikapanga meza na kuendelea na kazi. Pale Mtumba, mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019 ulianza na majengo madogo, na wizara zikaenea humo. Baadaye yakaja maghorofa. Sijasikia mtu akieleza wazi ni kazi gani iliyoshindikana katika yale madogo ikawezekana katika haya makubwa.

Kenya nayo ina jambo la kuigwa, hata kama hatupendi kukiri kwamba jirani ametutangulia. Novemba 2013 walifungua Huduma Centre ya kwanza katika jengo la Posta Kuu, Nairobi. Hawakujenga. Posta ilikuwa na nafasi, kwani barua zimepungua duniani kote, na idara mbalimbali zikawekwa humo kila moja na dirisha lake. Leo vituo hivyo viko katika kaunti zote 47, vingi vikiwa katika majengo ya posta. Shirika la Posta Tanzania limeanza vituo vya Huduma Pamoja kwa fikra hiyo hiyo. Chake Chake, Wete na Mkoani zina posta. Zina pia kumbi za mikutano ambazo siku nyingi za mwaka zimefungwa kufuli.

Lakini naomba msiishie hapo, kwa sababu kukusanya kuna ubaya wake, na ubaya huo ndio unaotugusa sisi. Mwaka 2015 mamlaka ya kodi ya Uingereza ilitangaza kwamba ofisi zake zipatazo 170 zitabanwa ziwe vituo vikubwa 13. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kufunga madirisha yake 281 ya kuhudumia watu ana kwa ana. Kwenye karatasi ni akiba. Ila nchi ile ina treni, karibu kila nyumba ina simu na intaneti, na bado walilalamika wazee na watu wa miji midogo. Mkiichukua hesabu hiyo mkaileta Pemba kama ilivyo, mtafunga kilichopo wilayani, mtajenga jengo moja la vioo Gombani, na mtatuita tuje. Serikali itakuwa imeweka akiba, na Kojani itakuwa imeilipa kwa nauli.

Na hapa niseme jambo ambalo wengine watalisema kwa mafumbo. Pemba tuna kumbukumbu ndefu ya kujiona tumesahauliwa. Siku mtakayofunga mlango mmoja Chake Chake, kuna atakayesimama kusema Unguja imeanza tena. Hofu hiyo isidharauliwe, na pia isitumiwe kama kisingizio cha kuendelea kulipia vyumba vitupu. Dawa yake ni kufanya jambo hilo kwa usawa na hadharani. Anzeni Unguja. Wizara zimetawanyika Vuga, Mazizini, Maruhubi na kwengineko, na taasisi zilizo chini yake ndiyo usiseme. Zipunguzwe huko kwanza, tuone, kisha Chake Chake na Wete zifuate. Ofisi ya wilaya iwe ya mwisho kuguswa, na shehia isiguswe kabisa. Na kila shilingi itakayookolewa Pemba ibaki Pemba, iandikwe katika kifungu chake, tuisome.

Kuna jambo la umeme pia. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na tunashukuru, kwani tunayakumbuka majenereta ya Wesha. Lakini umeme huo unanunuliwa. Machi 2017 TANESCO ilitishia kuikatia Zanzibar kwa deni lililotajwa kufika Sh bilioni 121, na maneno yakawa mengi pande zote mbili. Sehemu ya umeme wa nchi hii inaliwa na ofisi zenyewe: feni na viyoyozi vinavyopuliza vyumba ambavyo wenyewe wako safarini. Chumba kisichokuwepo hakidaiwi umeme.

Na majengo yakizidi uwezo wa kuyatunza, yanalipiza. Beit al-Ajaib ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Waingereza waliifanya makao ya ofisi zao, na baada ya Mapinduzi ikaendelea kutumiwa kwa shughuli za Serikali na chama kabla ya kuwa makumbusho. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Ile ilikuwa fahari ya mji, inayoonekana na kila meli inayoingia bandarini, na bado matengenezo hayakuiwahi. Itakuwaje kwa jengo la idara la ghorofa moja huko Wete ambalo hakuna mtalii anayelipiga picha? Tukiwa na majengo machache tutayapaka chokaa kwa wakati na tutaziba paa kabla ya masika.

Najua pingamizi itakayokuwa nzito kuliko zote, nayo haitasemwa Barazani. Ofisi ni heshima. Mkurugenzi mwenye chumba chake, chumba cha katibu muhtasi na sebule ya wageni atajiona ameshushwa akiambiwa akae ukumbi mmoja na wenzake. Sitaki kumcheka, kwani binadamu ndivyo tulivyo. Hata nahodha ana mahali pake kwenye chombo na hapakaliwi na mwengine. Lakini mahali pa nahodha ni shetrini, panapotosha kushika usukani. Hapajengewi sebule. Mazungumzo ya siri yanayohitaji mlango, kama mambo ya watumishi, maradhi au kesi za udhalilishaji, yawe na chumba cha faragha kinachotumiwa kwa zamu. Mengine yote yanaweza kufanywa mbele ya macho ya watu, na huenda yakafanywa haraka zaidi. Na isieleweke kwamba naomba watumishi wapunguzwe. Naomba vyumba vipunguzwe, watumishi watoke nje.

Ninachokitaka Kojani ni kidogo mno, nacho mwaweza kukilinganisha na bei ya jengo lolote lililomo katika makadirio yenu. Chumba kimoja, chenye umeme, mtandao na kabati la kufungia, ambacho si cha wizara yoyote bali ni cha zote. Sheha akitumie kila siku. Siku zilizopangwa na kutangazwa msikitini, skuli na dikoni, waje humo kwa zamu afisa wa uvuvi, wa usajili wa matukio ya kijamii, wa ardhi na wa ustawi, wakiwa na mihuri yao na uwezo wa kumaliza jambo papo hapo. Siku hizo zipangwe kwa kalenda ya bamvua, na wa kuulizwa ni wavuvi wenyewe. Serikali ilikwisha kulaza mkonga wa mawasiliano hadi Pemba na malipo yake yanapokelewa kwa mtandao. Hakuna tena sababu ya faili la karatasi kupanda boti. Kikijaribiwa Kojani kikafaa, pelekeni Fundo, Kisiwa Panza na Makoongwe, ambako nako watu wanavuka kama sisi.

Kabla ya hayo yote, itolewe orodha. Kila wizara, shirika na wakala useme una vyumba vingapi Unguja na Pemba, vipi ni vya Serikali na vipi ni vya kupanga, kodi ni kiasi gani na analipwa nani, na watumishi wangapi wanakaa humo kwa siku ya kawaida. Ichapishwe, isomwe na kila mtu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aihakiki. Mpaka orodha hiyo iwe mezani, lisipitishwe jengo jipya hata moja la ofisi, isipokuwa la shehia ambayo sheha wake hana pa kuweka daftari.

Waheshimiwa, katika kikao kijacho cha bajeti, kabla hamjasema "ndiyo" kwa fungu la wizara yoyote, mwulizeni waziri wake mambo matatu: ana vyumba vingapi Pemba, anavilipia kiasi gani, na ni siku ngapi katika mwezi ambazo afisa wake mwenye muhuri anavuka kuja visiwa vidogo kama Kojani. Asiyekuwa na majibu, fungu lake la ofisi lisubiri mpaka ayalete.

Wasalaam,

Mkaazi wa Kojani,
Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba.